Sufuria Iliyomwita Judex

Ukipotea kwenye ukungu, utaifuata sauti ya nani?

Usijibu haraka. Siku ile sisi sote tulidhani tunalo jibu. Tulilipiga kwa upawa juu ya sufuria mpaka mikono ikafa ganzi, na kila tulivyozidi kupiga ndivyo tulivyozidi kumpoteza mtu wetu.

Mtu mwenyewe ni Judex, mume wa mama mkubwa Rosemay. Kwetu Petite-Île, kusini mwa kisiwa, hakuna asiyemjua. Ukimsalimia njiani kutoka kushoto kwake, atakupita kana kwamba mna kesi. Ukimsalimia kutoka kulia, atasimama, ataweka mzigo chini, atakuuliza habari za mama yako, za mbuzi wako, na za shangazi yako aliyehamia Ufaransa akaanza kuongea kwa pua. Ndiyo maana nusu ya mtaa wanasema Judex anaringa, na nusu wanasema hajui kunyamaza.

Sikio la kushoto lilikufa kiwandani. Alikuwa kijana, kazi yake kulisha miwa kwenye mitambo ya kukamulia, siku bomba la mvuke lilipopasuka nyuma ya kichwa chake. Alirudishwa nyumbani damu ikimtoka sikioni. Baadaye daktari wa kiwanda akamkagua na kusema mfanyakazi yuko sawa, arudi kazini. Judex akauliza habari ya fidia.

"Umeoa?" daktari akamuuliza.

"Nimeoa."

"Basi sikio moja linakutosha."

Judex husimulia hayo mezani kama kichekesho, na wakubwa hucheka. Mimi hayajawahi kunichekesha. Kiwanda kilifungwa kabla sijazaliwa, daktari alishazikwa, hakuna hata mlango wa kwenda kuugonga. Lakini kulikuwa na watu waliokaa kwenye viti vyao wakaamua kwamba mtu aliyeharibikia mikononi mwao ni mzima, kwa sababu tu aliweza kusimama kwa miguu yake. Kila unapoendelea kusoma, naomba usiwasahau watu hao. Siku ile mlimani hawakuwepo, na hata hivyo walikuwepo.

Alipoacha kiwanda akashika lori la miwa. Kwenye lori usukani uko kushoto na abiria hukaa kulia, kwa hiyo ndani ya lori Judex alikuwa mtu mwingine. Alisikia kila neno, alijibu kila utani, aliimba. Mama mkubwa alikuwa akipanda naye mpaka kwenye mizani ya kupimia miwa bila shughuli yoyote, ili wazungumze tu. Nyumbani huchagua kiti ambacho ubavu wa kushoto unaelekea ukutani. Na akichoshwa na maneno ya watu, huchana kipande cha kitambaa, hukisokota, hukitia kwenye sikio la kulia, kama walivyokuwa wakifanya kiwandani kelele za mitambo zilipozidi. "Nimefunga duka," hutangaza. Hapo hata paa liwake moto, yeye yuko na amani yake.

Tena kuna mchezo wa wajukuu. Mtu wa sikio moja anasikia, ila hajui sauti inatoka wapi. Kwa Judex kila sauti hutoka kulia. Watoto hujificha nyuma ya banda la kuku, upande wake wa kushoto, wakaita, "Babu!" Naye hugeuka kulia, akaingia kwenye migomba. Wakaita tena, akageuka kulia tena. Huzunguka uani kama kuku aliyepoteza vifaranga, watoto wanagaragara chini kwa kicheko, na yeye mwenyewe anacheka kuliko wao.

Mwezi wa Julai, binti yake Nadège alikuja likizo kutoka Ufaransa baada ya miaka mingi, pamoja na mwanawe Anaele. Mtoto alikuwa amekwisha kujifunza mchezo wa banda la kuku siku ya pili tu. Lakini Volkano, mlima wetu wa moto, hakuwahi kuiona, na kwetu mtoto wa nyumbani asiyepandishwa Volkano ni kama hajafika. Tukaondoka alfajiri na magari mawili, sufuria za wali, za maharage na za soseji zimefungwa kwenye mablanketi na kupakatwa mapajani kama watoto wachanga. Mama mkubwa hakumwachia mtu sufuria yake ya kari. Ni ya chuma kizito, aliachiwa na mama yake, na tukienda kula porini ndiyo inayotuita. Hupiga kifuniko mara tatu kwa upawa, hunyamaza, hupiga tena. Kila ukoo una mlio wake, na mtu wetu hata akiwa ndani kabisa ya msitu huwezi kumdanganya kwa sufuria ya wengine.

"Rosemay, hiyo sufuria ikikufia utaizika makaburini?" mjomba Evariste, kaka yake, alimchokoza njiani.

"Nitaizika na wewe ndani. Utatosha ukikunjwa."

Juu kulikuwa na jua kali na baridi ya kukata masikio. Mama mkubwa magoti yanamsumbua, akabaki kwenye uwanja wa magari, ukingoni mwa genge, pale mlima unapokatika kama ukuta, kutandika turubai. Sisi watano, yaani Judex, Nadège, mtoto, mjomba na mimi, tukashuka zile ngazi ndefu za ubavuni mwa genge mpaka kwenye uwanda wa lava. Huko chini hakuna mti, hakuna nyumba. Ni mawe meusi yaliyoganda kama uji uliomwagika, na njia ni alama za rangi nyeupe zilizopakwa juu ya mawe. Ukiona alama uko njiani. Usipoiona, rudi kwenye ile uliyoiacha. Tulitembea mpaka kwenye kilima kidogo chekundu, Anaele akapanda, akapiga picha, akajaza mifuko vijiwe, tukarudi.

Tulikuwa tumefika chini ya ngazi mtoto aliposhika kichwa. Kofia yake ya manjano, aliyofumiwa na bibi yake, ilikuwa imebaki kwenye kilima.

"Bibi yako ataniua mimi, si wewe," Judex alisema. Akavua koti lake zito akamvika mtoto. "Pandeni. Nitawakuta mezani."

"Baba mkubwa, niachie mimi nikimbie," nikamwambia, nikiwa upande wa kulia.

"Wewe msomi utasimama kuyahutubia mawe, hutarudi leo." Akanipiga bega, akaondoka na sweta yake ya kijivu, mtu wa miaka sabini anayetembea kama anawahi lori.

Tukapanda. Katikati ya ngazi niliangalia nyuma nikamwona yuko kwenye kilima chekundu, ameinama. Nilipofika juu sikuona kilima. Ukungu ulikuwa umetoka baharini, ukapita juu ya vichwa vyetu, ukamiminika ndani ya lile shimo kama maziwa kwenye bakuli. Ukisimama ukingoni, hukuona hata ngazi ya tatu.

Mama mkubwa alikuwa ameshapakua. "Judex yuko wapi?"

Nadège akamweleza. Mama mkubwa alifunua sufuria, akashika kifuniko kwa mkono mmoja na upawa kwa mwingine, akasimama ukingoni, akapiga. Mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya.

Kutoka chini, mbali kidogo, tukasikia: "Nakujaaa."

Tulicheka kwa nafuu. Mjomba akamwongezea wali kwenye sahani. Mama mkubwa akaendelea kupiga. Sauti ikajibu tena, lakini sasa ilitoka upande wa kaskazini.

"Anakatiza wapi huyu?" mjomba aliuliza. "Ngazi ziko huku."

"Piga kwa nguvu, mama," alisema Nadège.

Akapiga kwa nguvu. Familia nyingine zilizokuwa zinakula karibu zikauliza kuna nini, na zilipoambiwa, watu wakainuka na sufuria zao. Watu tusiowajua, kutoka Saint-Benoît, kutoka Cilaos, wakaacha chakula kikipoa wakajipanga kwenye ukingo wa genge. Wengine walipiga kwa vijiko, wengine kwa mawe, na kijana mmoja akaenda kwenye gari lake akaanza kupiga honi. Nilijivunia watu wa kisiwa changu. Nilijiambia, hakuna mtu anayeweza kupotea akiitwa na watu wengi namna hii.

Judex akajibu mara ya tatu, akiwa mbali zaidi. Mara ya nne hatukuwa na hakika kama ni yeye au ni upepo. Baada ya hapo hatukusikia kitu.

Mama mkubwa aliendelea mpaka upawa ukapinda. Nikampa mwingine. Uso wake ulikuwa umelowa ukungu, nywele zimegandamana kwenye paji. Ndipo Anaele, aliyekuwa amejikunyata ndani ya koti la babu yake, akamvuta sketi.

"Bibi, Babu anacheza ule mchezo wa banda la kuku?"

Upawa ukabaki hewani.

Nadhani nilielewa wakati uleule alipoelewa mama mkubwa. Kule chini, ndani ya ule weupe usio na mbele wala nyuma, kila pigo letu lilikuwa linatoka kulia kwake. Alikuwa anageuka kulia na kutembea, halafu sauti inatoka kulia tena, anageuka tena. Alama nyeupe alikwisha kuziacha muda mrefu, kwa kuwa mkewe anamwita, na nani atatafuta rangi kwenye mawe wakati mkewe anamwita?

"Tangu nimeolewa napiga hii sufuria," mama mkubwa alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kabisa. "Hajawahi kuja kwa sufuria. Hata siku moja. Nilikuwa napiga, wote mnakuja, halafu namtuma mtoto akamguse bega."

Akaweka kifuniko chini. "Acheni. Acheni wote kupiga."

Walio karibu wakaacha. Wa mbali hawakusikia. Akaanza kutembea kutoka familia hadi familia na magoti yake yale mabovu, akiwashika watu mikono.

"Mama, ukinyamaza atajuaje tuliko?" mzee mmoja wa Cilaos alimuuliza kwa upole, bado amekamata sufuria.

"Akisikia ndiyo anapotea, ndugu yangu. Nyamaza, nakuomba. Kukiwa kimya atasimama. Akisimama ataangalia chini."

Mzee alimtazama kama mtu anavyomtazama mjane. Akaacha kupiga. Yule kijana wa honi hakuacha, ikabidi mjomba Evariste aende kumchomolea ufunguo wa gari.

Nadège ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. "Unamwacha," alimwambia mama yake mbele za watu. "Yuko peke yake kule na sweta, na wewe unataka tukae kimya kama tuko msibani."

"Nadège."

"Sijaja kutoka kule kote kuja kukaa kimya. Baba!" Akaita kwa sauti iliyopasuka. "Baba!"

Mama mkubwa akamziba mdomo kwa kiganja. Sijawahi kumwona akimgusa binti yake hivyo. Walisimama wamekumbatiana kama watu wanaopigana, kisha wote wawili wakakaa chini kwenye changarawe.

Waokoaji wa milimani walifika jua likikaribia kuzama, ingawa jua lenyewe hatukuliona. Niliwauliza helikopta iko wapi. Asubuhi ile helikopta za watalii zilikuwa zinapishana juu ya kreta kama nzi juu ya embe.

"Kwenye ukungu haziruki," mkuu wao akanijibu.

"Kwa mtalii mwenye pesa zingeruka."

"Hazingeruka hata kwa rais, kijana."

Nikataka kuendelea. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, kuhusu kiwanda, kuhusu daktari, kuhusu nani katika kisiwa hiki hutafutwa na nani husubirishwa. Mama mkubwa akanikata.

"Acha hotuba. Mshikie huyu mwokoaji tochi afunge kamba." Kisha akamgeukia mkuu. "Nyinyi mnashuka na filimbi. Msizipulize."

"Mama, tunatafuta hivyo."

"Ana sikio moja. Mkipuliza atawakimbia. Tafuteni kwa macho. Mkimwona, mguseni bega la kulia."

Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Nilimwona akiitikia kwa kichwa. Kisha wakashuka wakamezwa na ukungu, na haukupita muda mrefu tukazisikia filimbi.

Mama mkubwa alifumba macho. Kila filimbi ilipolia, kichwa chake kiliinama kidogo, kana kwamba anapigwa.

Walirudi gizani bila mtu. Kwenye kilima chekundu kofia haikuwepo. Maana yake aliichukua, akaanza kurudi, na ukungu ukamkuta njiani. Wakasema wataendelea kukicha. Mtu alisema, akidhani hatumsikii, kwamba kwa baridi ile na umri ule ni afadhali familia ijiandae. Maji kwenye ndoo yetu yalikuwa yameanza kuganda.

Tulilala kwenye magari, kama kule kulikuwa kulala. Mama mkubwa alikaa kiti cha abiria, cha kulia, ameshika koti la Judex. Kiti cha dereva pembeni yake hakuruhusu mtu akikalie.

Asubuhi kulipambazuka hakuna hata wingu. Ndivyo mlima ule ulivyo. Unakuchukulia mtu wako mchana, halafu alfajiri unajionyesha umeoshwa na kutakata kama haukufanya kitu. Nilikuwa wa kwanza kufika ukingoni. Uwanda wote ulionekana, kilima chekundu, ngazi, mstari wa alama nyeupe, na mbali nao, kaskazini kabisa, chini ya genge, kitone cha manjano.

Mjomba alileta darubini. Ilikuwa ile kofia. Ilikuwa kichwani mwa mtu aliyekaa juu ya jiwe, magoti kifuani, ametugeuzia mgongo.

"Baba!" Nadège aliita, na safari hii hakuna aliyemziba mdomo. Watu waliolala pale uwanjani walitoka kwenye magari wakaita pamoja naye. Honi zikalia. Sauti iligonga genge ikarudi, ikagonga tena. Yule mtu hakugeuka. Hakutikisika hata kidogo. Mtu hai, hata mwenye sikio moja, angeinua kichwa.

Nadège akaanguka. Mjomba akavua kofia yake mwenyewe, akaikunja mkononi.

Mama mkubwa alisogea akasimama karibu nami. Hakuitaka darubini. "Waokoaji wameshashuka?"

"Wawili wanamkaribia."

"Una simu ya yule mkuu wao? Mwambie, kulia."

Nikapiga. Kumbe mkuu alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwetu, akaitikia simu huku ananitazama, na bila kuniuliza chochote akaifikisha kwenye redio yake. Chini kule, mdogo kama sisimizi, mwokoaji wa mbele akasimama, akabadili njia, akazunguka jiwe. Honi zilikuwa zimenyamaza. Nikaweka darubini ya mjomba machoni: mwokoaji akapiga goti upande wa kulia wa yule mtu, akaweka mkono begani.

Hakuna kilichotokea. Mama mkubwa alinikamata mkono, kucha zikaingia.

Kisha mkono wa Judex ukainuka, polepole, kama wa mtu anayeamshwa saa ambayo hakuipanga. Ukapita chini ya kofia ya manjano mpaka kwenye sikio la kulia, ukachomoa kipande cha sweta ya kijivu kilichosokotwa. Alikitazama, akakitia mfukoni. Halafu kichwa kikageuka kulia, na safari hii aliyemwita alikuwa huko kweli.